Kajiado inajaa watu, masika yanakaribia: je, mtaa wako unajua maji yanapita wapi?

Jirani wa Korongo (mtoa uzi)

Wanajamvi, habari za mchana. Uzi huu ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie. Naufungua sasa hivi Februari, jua likiwa kali na hakuna anayewaza mvua, kwa sababu Machi mawingu yakishafunga kila mtu atakuwa anahangaika na lake.

Ploti yangu niliinunua mwezi wa Agosti, nje kidogo ya mji wa Kitengela. Futi 50 kwa 100, bikoni nne mahali pake, hati safi. Upande wa chini palikuwa na kibonde kidogo ambacho hata mtoto angekiruka. Aliyeniuzia akaniambia ni njia ya ng'ombe wakienda kunywa maji. Nikaamini, nikajenga, nikahamia.

Usiku mmoja wa Aprili 2024, yapata saa nane, niliamshwa na sufuria iliyokuwa ikigonga ukuta wa jikoni. Mvua yenyewe tulishaizoea wiki nzima, haikuniamsha. Nikashusha mguu kitandani, ukazama hadi kwenye kifundo. Kufika sebuleni, magotini. Mlango wetu unafunguka kwa nje, na maji ya nje yalikuwa yameubana, haukusogea hata kidole. Madirisha yote yana vyuma vya kuzuia wezi, vimechomelewa moja kwa moja. Ndani tuko watano: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi.

Jirani wa ghorofa ya nyuma alisikia mama akipiga ukemi. Akaja amejifunga kamba kiunoni, mwanawe ameishika upande wa pili, akaanza kukata vyuma vya dirisha la jikoni kwa msumeno wa mkono. Alikata vyuma vitatu. Kila alipobadilisha mkono kupumzika nilikuwa nahesabu. Tulipitisha watoto, tukampitisha mama, na mimi nilipotoka maji yalikuwa kifuani.

Mwezi huo huo Mto Athi ulifurika karibu na Kitengela, barabara ya Namanga ikafungwa. Na alfajiri ya Aprili 29, kule Mai Mahiu katika Kaunti ya Nakuru, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli yalibomoa njia, yakashuka na matope na miti juu ya watu waliolala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Hao ni wazazi na watoto waliolala kama sisi tulivyolala.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika kaunti yetu ya Kajiado. Ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka zaidi ya 430,000, na wengi wetu tulikuja tukiwa hatujui hata upepo wa huku unavuma kutoka wapi. Tumenunua ardhi wakati wa kiangazi na kuijenga wakati wa kiangazi. Ndiyo maana nasema hatari kubwa hapa si mvua peke yake. Ni kwamba mtaa mzima unaweza kuwa umejaa wageni, na hakuna hata mmoja anayejua maji yalikuwa yanapita wapi kabla yetu.

Nauliza: mtaa wako umejiandaaje? Nataka mambo ambayo watu wameyafanya kweli.

---

Fundi Msingi

Pole sana ndugu. Mimi ni fundi, nimejenga Kitengela, Isinya na Kisaju, na jambo la vyuma vya dirisha nalisema kila siku wateja wananiona mkorofi.

Kila nyumba iwe na dirisha moja, ikiwezekana la chumba cha kulala, ambalo vyuma vyake vina bawaba na kufuli ya ndani. Ufunguo utundikwe kwenye msumari karibu na dirisha hilo, juu kidogo mahali ambapo mwizi hawezi kuufikia kutoka nje, na kila mtu wa nyumbani aujue kwa kupapasa gizani. Hilo linakuokoa kwenye mafuriko, na linakuokoa kwenye moto. Mchomeleaji ataongeza bei kidogo tu.

Kuhusu mlango: maji yenye kina cha nusu mita nje ya mlango wa upana wa kawaida, ndani kukiwa kukavu, yanausukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100. Usipoteze dakika ukipigana nao.

Halafu udongo. Uwanda wote huu wa Kitengela una ule udongo mweusi mzito. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono, mvua ikinyesha unavimba, nyufa zinajifunga na maji hayapenyi tena. Yanabaki juu yakitafuta pa kwenda. Sasa juu yake tumeweka mabati, tumeweka kabro, tumemwaga saruji mpaka getini. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 100 likipokea mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Mtaa wa nyumba 1,000 za namna hiyo unamwaga lita milioni tano kwa mvua moja, na zote zinaenda kwa yule aliyejenga chini.

Kwa hiyo tangi si la kiangazi tu. Ukivuna maji ya bati lako unampunguzia mafuriko jirani wa chini.

---

Ole wa Uwandani

Niruhusuni niongee kama mtu aliyezaliwa hapa.

Mlipokuja mlipewa ramani ya ploti. Sisi ramani yetu ilikuwa majina. Jina Kajiado lenyewe linatokana na neno la Kimaa, lugha yetu Wamaasai: Olkejuado, mto mrefu. Ni mto wa msimu. Yaani kaunti nzima imeitwa kwa jina la mto ambao mtu anaweza kuuvuka mara kumi wakati wa kiangazi na asijue amevuka mto. Ongata ni uwanda. Enkong'u ni jicho, na chemchemi nayo tunaiita jicho, ndiko lilikotoka jina la Ngong. Mahali paliposemwa kwa Kimaa kuwa ni pa maji, maji yatarudi hapo hata kama pamepewa jina la estate lenye bustani na mitende.

Mama yangu hakusoma, lakini alikuwa na kanuni zake za kuchagua pa kujenga boma. Alitazama miti kwanza. Ule mgunga wenye gome la njano, olerai, huota pale maji yalipo karibu na uso wa ardhi. Ni mti mzuri wa kukaa chini yake na kupumzika, lakini hujengi hapo. Alitazama mawe: yakiwa laini na ya mviringo, yamesafirishwa na maji. Alitazama vichaka vya miiba: majani makavu na vijiti vikining'inia kwenye miiba usawa wa kiuno, basi maji yalifika kiunoni. Siku hizi ni mifuko na chupa zilizonasa kwenye waya wa uzio, lakini zinasema habari ile ile.

Hiyo "njia ya ng'ombe" uliyoambiwa, ndugu, huenda ilikuwa kweli njia ya ng'ombe. Ng'ombe hufuata korongo kwa sababu ndiko majani yanakobaki. Maji hufuata mkondo, na ng'ombe hufuata maji. Ungemuuliza mzee yeyote mwenye fimbo angekuambia kabla ya kumaliza salamu.

Sasa na mimi nina langu. Mnazungumza mafuriko kana kwamba ndilo janga la Kajiado. Sisi wa ndani huko tulizikwa na ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikataa, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa na ng'ombe 64. Nilibaki na 11. Ng'ombe akishalala chini kwa njaa unamwinua kwa mikono, watu wanne, unamshika mkia na pembe, anasimama, na kesho yake analala tena. Siku ya tatu hamwinuki nyote wawili. Hakuna picha ya helikopta ikija kumwokoa ng'ombe, ndiyo maana janga hili halionekani.

Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 kame na nusu kame, na Kajiado imo. Wanataja hatua: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, kisha kufufuka. Kosa langu ni kwamba nilisubiri mpaka dharura ndipo nikapeleka ng'ombe sokoni, na kila mfugaji alikuwa hapo na ng'ombe mwenye mbavu za kuhesabika. Hatua ya tahadhari ndiyo ya kuuza, wakati mnyama ana nyama na mnunuzi ana hamu. Uza nusu, weka pesa, nunua nyasi kavu mapema. Inauma kumuuza ng'ombe mwenye afya, najua. Inauma zaidi kumburuta.

---

Jirani wa Korongo (mtoa uzi)

Mzee Ole, asante sana, na pole kwa mifugo. Nimekuwa nikiishi kilomita chache kutoka kwenu na sikuwa najua. Olerai ziko tatu nyuma ya ukuta wangu. Nilizipiga picha siku niliponunua kwa sababu zilinipendeza.

---

Dada wa Rongai

Mimi ni mpangaji, chumba na sebule, ghorofa ya chini, si mbali na Mto Mbagathi. Mnaongelea ploti na msingi. Sisi wapangaji ndio wengi na hatuna uwezo wa kubadilisha chochote kwenye nyumba. Nikitafuta nyumba nyingine mwezi ujao nitajuaje, kabla sijatoa deposti?

---

Fundi Msingi

Dada, swali zuri sana. Angalia haya:

Rangi. Ukuta ukiwa na rangi mpya hadi usawa wa mita moja tu na juu ni ya zamani, uliza kwa nini. Pitisha kiganja nyuma ya mlango na ndani ya kabati la jikoni, mafundi huwa hawafiki huko. Ukikuta mstari wa hudhurungi, hiyo ni alama ya maji. Mbao za miimo ya mlango zikiwa zimevimba chini, vivyo hivyo. Soketi za umeme zilizohamishwa juu kuliko kawaida, mwenye nyumba aliwahi kulowa.

Usimuulize mlinzi wala keateka. Muulize mwenye kibanda cha mboga nje ya geti, na mtoto anayecheza uani. Mtoto atakuambia, "Mwaka jana tuliogelea hapa."

---

Dada wa Rongai

Nimetoka kuangalia nyuma ya mlango wangu. Mstari upo. Unanifika juu kidogo ya goti.

---

Nesi wa Zamu

Dada, usingoje kupata nyumba nyingine ndipo ujiandae. Anza leo jioni, nami nitakuambia cha kuweka, kwa maana nimehudumia watu waliotoka kwenye maji na najua wanachokuja wakilia nacho. Si televisheni.

Wanalilia dawa. Mtu wa kisukari ameacha insulini. Mwenye presha hajui jina la kidonge chake, anajua ni "kile cheupe". Mwenye dawa za kila siku amekaa siku nne bila kumeza kwa sababu anaona haya kuomba mbele za watu. Chukua mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, weka dawa za angalau wiki moja, na karatasi iliyoandikwa jina la dawa na kipimo chake. Piga picha karatasi hiyo umtumie ndugu anayeishi mbali. Mfuko huo huo weka nakala ya kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto, vyeti vya kuzaliwa, pesa taslimu kidogo za noti ndogo, tochi, filimbi na chaji ya simu. Utundike karibu na mlango, juu. Usiuweke chini ya kitanda.

Filimbi naisisitiza. Sauti ya mtu inakauka baada ya muda mfupi wa kupiga mayowe. Filimbi hata mtoto wa miaka minne anaweza kuipuliza usiku kucha.

Mjamzito aliyekaribia siku zake asilale mahali pa hatari wakati wa mvua kubwa. Ahamie kwa ndugu upande wa juu wiki mbili kabla, hata kama ataonekana mwoga. Barabara ikikatika saa tisa usiku hakuna wa kulaumiwa na hakuna wa kusaidia.

Maji yakishapungua ndipo wodi zetu zinajaa. Vyoo vya shimo na septiki vimemwagika, visima vimeingiliwa. Usiamini kisima kwa sababu maji yanaonekana maangavu. Chemsha mpaka yatokote kabisa, au weka dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mtu akiharisha sana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, anywe kidogo kidogo bila kuacha huku mkitafuta hospitali. Ukiingia kusafisha nyumba, zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, lakini kama utalazimika kusimama majini kuifikia usiiguse. Vaa viatu vigumu. Inua vitu kwa fimbo, nyoka nao walikuwa wanatafuta pakavu.

Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199. Polisi ni 999 au 112. Ziandike ukutani kwa kalamu nzito. Simu iliyolowa haina kitabu cha namba.

---

Tumechoka

Haya yote ni kuzunguka mbuyu. Aliyejenga kwenye njia ya maji abomolewe, basi. Wachache wanatuletea balaa wote.

---

Jirani wa Korongo (mtoa uzi)

Ndugu Tumechoka, hasira yako naielewa. Lakini mimi ndiye uliyemtaja. Nina hati, nilitumia akiba ya miaka kumi na minne, na kibonde kile hakikuchorwa popote kwenye karatasi nilizopewa. Ukinibomolea bila kunionyesha pa kwenda nitashuka tu mita mia mbili nijenge mabati. Na je, aliyeikata ile ardhi vipande akauza, yeye abomolewe nini?

---

Karani wa Hesabu

Hapa tuongee sheria kidogo, kwa sababu wengi hawajui kilichomo.

Kanuni za maji zinataka ukanda wa kando ya mto uachwe kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kutegemea upana wa mto. Tatizo la Kajiado ni kwamba mito yetu mingi ni ya msimu. Wapimaji wakija Agosti hawaoni mto, wanaona mchanga. Kwa hiyo kabla ya kununua omba ramani ya mandhari ya zamani inayoonyesha mikondo, kisha ulinganishe na picha za setilaiti za miezi ya mvua. Korongo huonekana kama mshipa wa kijani hata pale ambapo chini hakuna tone.

Pili, Katiba ya 2010 imeziweka huduma za zima moto na usimamizi wa majanga miongoni mwa kazi za kaunti, na usimamizi wa majanga pia uko kwa serikali ya kitaifa. Kazi ikiwa ya wawili ni rahisi kila mmoja amtazame mwenzake. Mwananchi ajue kwamba anaweza kubisha milango yote miwili.

Tatu, pesa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura, na matumizi yake kwa mwaka hayawezi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Huo ni mfuko wa jambo lisilotarajiwa. Sasa mafuriko yanayokuja kila masika yasipotarajiwa ni nani alaumiwe? Kuchimba mtaro, kupanua kalvati (tundu la kupitisha maji chini ya barabara), kuweka kipimo cha maji darajani, hayo yanatakiwa yaingie kwenye bajeti ya kawaida. Na bajeti ina kalenda. Waraka wa mkakati wa fedha unafika bunge la kaunti ifikapo Februari 28, makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30. Vikao vya kushirikisha umma hufanyika humo katikati. Nimehudhuria vingi. Mara nyingi hukuti mtu wa mtaa uliofurika, unakuta wenye miradi yao tayari mkononi.

Andikeni barua ya ukurasa mmoja: kalvati liko wapi, lina upana gani, maji yalifika wapi mwaka gani, nyumba ngapi ziliathirika. Wekeni picha yenye futi ya kupimia. Mwakilishi wadi akipata karatasi yenye vipimo hawezi kusema hajaelewa.

---

Mwana Manyara

Salamu kutoka Tanzania, majirani. Nimesoma uzi wote kimya, nimeona nichangie.

Desemba 3, 2023, asubuhi, matope yalishuka kutoka Mlima Hanang yakapita Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Nilifika siku chache baadaye kumtafuta shangazi, nikamkuta hai kwa rafiki yake. Nilichokiona si kama mafuriko ya maji. Matope yakishatulia yanakuwa kama zege. Godoro, mlango, gogo, vyote vimeshikana. Walikuwa wakichimba kwa makoleo huku wakinyamaza kila mara ili wasikilize.

Ninyi wa miteremko ya Ngong na milima mingine, shikeni hili. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, tazameni kijito chenu. Kikibadilika ghafla kikawa tope zito, au kikapungua ghafla huku mvua bado inanyesha, kuna kitu kimeziba huko juu. Ufa mpya kwenye mteremko, miti au nguzo zilizoanza kuinama, milango iliyogoma kufunga bila sababu, ondokeni. Na mkiondoka msishuke kwa kufuata bonde, nendeni pembeni, mtoke kwenye njia yake.

Kuhusu kuhamisha watu, sisi Dar es Salaam tumelipitia. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande. Baadhi walirudi mabondeni. Watu waliwacheka, lakini fikirieni: mtu anauza samaki wa kukaanga mjini, unampeleka mbali na wateja wake na nauli inakula faida yote. Ukimhamisha mtu na riziki yake ihame naye.

---

Jiwe la Magadi

Kwa ufupi tu. Hii kaunti inashuka hadi kwenye Bonde la Ufa, na Ziwa Magadi liko humo. Matetemeko madogo ni ya kawaida huko. Kenya ilipata tetemeko kubwa Januari 1928 huko Subukia, la kipimo cha 6.9, wakati huo hapakuwa na maghorofa ya kupanga yaliyosimama juu ya maduka. Siku hizi tunajenga ghorofa sita, chini yote maduka yenye milango mipana na nguzo nyembamba, juu kuta nzito. Jengo la namna hiyo likitikiswa huvunjika miguu. Kama unajenga, mlipe mhandisi aangalie nguzo za chini. Ukitikiswa ukiwa ndani, ingia chini ya meza imara, linda kichwa, usikimbilie ngazi.

---

Boda Saa Zote

Mimi niko barabarani masika yote, nitasema ninachokijua. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa huwezi kuona kama lami ipo au imechukuliwa. Maji yanayokimbia yakifika sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 yanaweza kuibeba gari ndogo. Nilimwona dereva akisema "napita hapa kila siku". Ni kweli alipita kila siku, lakini siku hiyo barabara haikuwepo. Tulimtoa kupitia kioo cha nyuma.

Ombi langu ni kwa wazazi. Mvua ikianza saa nane mchana watoto wanatoka shule saa tisa na nusu na wanavuka korongo kwa kushikana mikono. Mmoja akiteleza wanaenda wote. Mwambieni mwalimu mkuu: maji yakiwa kwenye korongo watoto wasitoke, hata kama ni mpaka saa mbili usiku. Mzazi akae na wasiwasi, mtoto akae shuleni.

---

Jirani wa Korongo (mtoa uzi)

Nimechapisha majibu yenu nikaenda nayo kwenye kikao cha mtaa jana jioni. Tulikuwa watu 31, tukakaa kwenye viti vya kanisa chini ya mti. Nawaletea tulichokubaliana, wenye mitaa mingine mchukue kinachowafaa.

Tumechora mtaa wote kwenye karatasi moja kubwa. Nyumba zilizofikiwa na maji 2024 tumezipaka buluu, ni 19. Nyumba zenye ngazi ya kupanda juu ni tano, na wenyewe watatu wamekubali geti lao libaki na ufunguo wa akiba kwa jirani wakati wa masika. Tumeandika nani hawezi kutembea mwenyewe: wazee wawili, kijana mmoja wa kiti cha magurudumu, na mama mmoja atakayejifungua Aprili. Kila mmoja amepewa watu wawili kwa majina, wanaoishi nyumba ya karibu, si wale wenye nguvu wanaoishi mbali. Mama mjamzito tumempa na ushauri wa Nesi, na mumewe amesema atampeleka kwa dada yake mwishoni mwa Machi.

Ishara ni filimbi mbili ndefu kwa anayeona maji kwenye alama. Alama yenyewe Fundi Msingi alikuja kuipaka bila malipo kwenye ukuta wa kalvati: mstari wa njano, na sentimita 40 juu yake mwekundu. Njano ikiguswa tunaamshana, nyekundu ikiguswa watoto na wagonjwa wanahama bila mjadala. Vijana wanne watapokezana kuitazama usiku ambao Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya mvua kubwa, na tumechanga chai yao na makoti ya mvua.

Vyuma vya dirisha: nyumba saba zimeshalipa mchomeleaji. Yangu ilikuwa ya kwanza. Binti yangu wa miaka sita anafungua ile kufuli amefumba macho, tumejaribu mara nne.

Barua ya kalvati tumeandika kama Karani alivyoelekeza. Upana wake ni sentimita 90, na korongo upande wa juu lina upana wa mita sita na zaidi. Mtu alipousoma huo mstari kwa sauti, kikao kizima kilinyamaza. Tumepeleka nakala moja kwa chifu na moja kwa mwakilishi wadi, na tutaibeba kwenye kikao cha bajeti.

Dada wa Rongai, jirani yangu wa ghorofa ana chumba juu kitakachokuwa wazi mwezi ujao. Nimekutumia ujumbe.

---

Dada wa Rongai

Nimeuona, Mungu akubariki. Nakuja kukiangalia Jumapili.

---

Ole wa Uwandani

Hilo korongo lenu nalifahamu. Lilikuwa na tawi la pili upande wa mashariki, mmelifunika na ule uwanja wa magari. Mkichimba moja tu maji yatatafuta jingine. Mama yangu bado anatembea vizuri asubuhi kabla jua halijawa kali. Nikimleta Jumamosi mtamsikiliza?

---

Jirani wa Korongo (mtoa uzi)

Tutamsikiliza, mzee, na kiti chake kitakuwa tayari kivulini. Saa moja asubuhi pale kwenye kalvati. Wengine mje na majembe na makoleo, na mwenye vigingi vya mbao asivisahau, ili kila atakapotuonyesha tuweke alama papo hapo.